Dk. John Kirk na sandarusi ya Mrima: Somo kwa vijiji vyenye misitu

MKULIMA wa Bagamoyo anapokata mti wa asili na kuuza mkaa wake kando ya barabara, fedha anayoipata ni ya mara moja. Mwaka unaofuata hulazimika kwenda mbali zaidi kutafuta mti mwingine. Hali hii si ngeni katika ukanda wetu wa pwani. Katika karne ya 19 misitu ya Mrima ilileta fedha nyingi kwa njia ya sandarusi na mpira wa mwitu, lakini utajiri huo haukudumu. Mtu mmoja aliyeifahamu biashara hiyo kwa karibu ni Dk. John Kirk, na maisha yake yana mengi ya kutufundisha.

Kirk alizaliwa mwaka 1832 huko Barry, Scotland. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini tangu ujana wake alipenda sana elimu ya mimea. Mwaka 1858 alifuatana na Dk. David Livingstone katika safari ya mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea, akarudi kwao mwaka 1863. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1866, alifika Zanzibar kuwa daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza. Alipanda ngazi hadi kuwa Balozi Mkuu, na akaishi visiwani kwa takriban miaka 20.

Historia inamkumbuka zaidi kwa mkataba wa Juni 5, 1873, ambao Sultani Barghash alitia saini kwa shinikizo la Waingereza na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Aidha, jina lake limo katika kisa cha mizigo ya Livingstone iliyokwama Bagamoyo kwa miezi kadhaa, tangu mwishoni mwa mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa mwaka 1871. Mwandishi wa habari Henry Stanley alimlaumu Kirk kwa uzembe, na lawama hizo zilimsumbua kwa muda mrefu.

Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara wa leo, kazi yake juu ya miti ndiyo yenye faida zaidi.

Sandarusi ilitoka wapi?

Sandarusi ni utomvu mgumu unaotumika kutengenezea vanishi. Katika karne ya 19 ilitafutwa sana Ulaya na Marekani kwa ajili ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua Zanzibar tangu miaka ya 1830, na kwa muda mrefu ilioshwa huko kwao kabla ya kuuzwa viwandani. Wachimbaji, wengi wao Wazaramo na watu wengine wa pwani, waliifukua ardhini kwa majembe na kuiuza kwa wachuuzi, nao wakaipeleka Zanzibar kupitia bandari za Mrima. Mchimbaji alipata sehemu ndogo tu ya bei, kwani faida kubwa ilikuwa mbele, kwa wasafirishaji na wenye viwanda.

Wataalamu wa nje walikuwa na ubishi kuhusu sandarusi hiyo ya ardhini. Je, ilitokana na mti uliokwisha kutoweka duniani au na mti ulio hai? Kirk alichunguza vipande vilivyofukuliwa, akaona ndani yake majani, maua na wadudu walionaswa. Alilinganisha mabaki hayo na msandarusi, mti ambao sehemu nyingine huitwa mnangu, na kuonyesha kuwa ni mti uleule unaoota pwani hadi leo.

Wenyeji waliokuwa wakifanya kazi hiyo tayari walitofautisha daraja zake. Kulikuwa na sandarusi ya mtini, ambayo ni laini na bei yake ndogo. Kulikuwa na chakazi, iliyopatikana ardhini lakini bado haijakomaa. Na kulikuwa na sandarusi halisi iliyokaa ardhini miaka mingi sana ikawa ngumu, na hiyo ndiyo iliyokuwa na bei kubwa. Kirk aliyachukua majina haya ya Kiswahili na kuyaandika katika ripoti zake.

Jambo muhimu ni kwamba sandarusi bora ilifukuliwa hata mahali ambapo misandarusi haikuwepo tena. Kwa lugha ya uchumi, watu walikuwa wakitumia akiba iliyowekwa na misitu ya zamani. Akiba ya namna hiyo haiongezeki kama miti haipo. Baadaye vanishi za viwandani ziliiteka biashara hiyo, na misandarusi iliyobaki ikawa mbao na kuni tu.

Mpira wa mwitu

Baada ya mkataba wa 1873, Kirk alihimiza biashara ya mazao mengine badala ya watumwa. Moja ya mazao hayo lilikuwa mpira unaotokana na mmea wa msituni wa kutambaa, wa jamii moja na mbungo. Kirk aliuchunguza mmea huo katika bara lililo jirani na Dar es Salaam na kupeleka sampuli zake katika bustani ya Kew, London. Wataalamu waliupa jina la kisayansi la Landolphia kirkii kwa heshima yake.

Biashara ilikua haraka, na uharibifu nao ukakua. Mgemaji mwangalifu angeweza kuchanja gome na kurudi tena baadaye. Lakini wengi waliukatakata mmea mzima. Sababu yake inaeleweka: msitu ukiwa hauna msimamizi, anayeacha mmea leo anamwachia mwenzake aukate kesho. Kirk aliifungulia bidhaa hiyo soko, lakini utaratibu wa kuulinda msitu wenyewe haukuwekwa.

Yeye mwenyewe alipanda na kujaribu mimea ya aina nyingi katika bustani yake ya Mbweni, Zanzibar. Mwaka 1885 Ujerumani ilidai eneo la bara, na Kirk, kwa maagizo ya London, alilazimika kumshauri Sultani akubali. Mwaka uliofuata aliondoka Zanzibar. Alifariki dunia Uingereza Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 89.

Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kuwa ardhi waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya dola, na mwaka 1904 wakatoa sheria ya hifadhi za misitu. Hivyo mwanakijiji akageuka mvamizi katika msitu aliokuwa akiutegemea.

Nafasi ya vijiji

Tofauti ya leo ni kwamba sheria inampa mwanakijiji nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake. Kijiji hupima mipaka, huchagua kamati ya maliasili, huandaa mpango wa usimamizi na kutunga sheria ndogo, kisha mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Mapato ya mazao yaliyovunwa kwa mpango pamoja na faini hubaki kijijini.

Mfano upo Kilwa, ambako mwaka 2009 vijiji vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation. Huko mti huhesabiwa kabla ya kukatwa, na anayeuza ni kijiji.

Kwa vijiji vya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, soko la mkaa na mbao lipo karibu mno. Kijiji kisichotenga msitu wake mapema kitakuta wakataji wameshaumaliza. Ndugu mkulima, katika mkutano mkuu ujao uliza kama kijiji chako kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama msitu wenu umo katika mpango huo.