Mwenyeheri Chiara Luce Badano na Wajibu Wetu kwa Vijana Wenye Saratani

Kila tarehe 29 Oktoba Kanisa humkumbuka Mwenyeheri Chiara Luce Badano, binti wa Italia aliyefariki dunia kwa saratani ya mifupa akiwa na umri wa miaka 18. Mara nyingi tunautafakari uvumilivu wake peke yake. Leo tuwatazame pia waliokaa kando ya kitanda chake, kwa maana msalaba wa namna hiyo haubebwi na kijana mmoja bila msaada.

Chiara alizaliwa mwaka 1971 huko Sassello, katika Jimbo la Acqui, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Ruggero, alikuwa dereva wa lori. Yeye na mkewe, Maria Teresa, walimngojea mtoto huyo kwa miaka 11. Akiwa na miaka 9 Chiara aliifahamu Harakati ya Kitume ya Wafokolari, na mwanzilishi wake, Chiara Lubich, ndiye aliyempa baadaye jina la Luce, yaani Nuru. Alipenda muziki, kuogelea na tenisi. Shuleni aliwahi kurudia darasa, jambo lililomuumiza sana.

Mwaka 1988, akicheza tenisi, alishikwa na maumivu makali begani. Uchunguzi ukabaini saratani ya mifupa, ya aina inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua. Siku alipotambua uzito wa ugonjwa wake alirejea nyumbani, akajilaza kitandani, akamwomba mama yake asimsemeshe. Mama akanyamaza, akabaki karibu. Zikapita dakika 25 za mapambano ya ndani, kisha binti akamgeukia kwa tabasamu: alikuwa amemwitikia Mungu. Hapa wazazi na walezi tunalo la kujifunza. Kijana aelezwe ukweli wa hali yake, tena apewe muda wa kuupokea, bila kuharakishwa kwa mahubiri yetu.

Alitibiwa Turin. Huko hospitalini, angali na nguvu za kutembea, alimsindikiza koridoni msichana mwingine aliyezama katika huzuni, ingawa yeye mwenyewe alihitaji kupumzika. Baadaye miguu yake ikapooza. Hata hivyo alimpa akiba yake yote rafiki aliyekuwa akienda kuwahudumia maskini nchini Benin, na siku moja akawahimiza wazazi wake watoke wakale chakula cha jioni wawili peke yao, ili wajizoeze kuishi bila yeye. Rafiki zake hawakumkimbia. Waliendelea kumtembelea, wakaondoka wametiwa moyo. Kijana mgonjwa anahitaji kupokea, lakini anahitaji pia kuachiwa nafasi ya kutoa. Tukimfanya mtu wa kuhurumiwa tu, tunamwongezea upweke juu ya ugonjwa.

Ipo habari moja inayotudai uangalifu. Chiara aliikataa morfini, akitaka kubaki na akili timamu ili ayatolee mateso yake kwa Yesu. Huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, wala si sheria kwa wagonjwa wengine. Kanisa, katika Katekisimu namba 2279, linaruhusu dawa za kutuliza maumivu na kuihesabu huduma hiyo kuwa tendo la upendo. Basi mzazi asimnyime mwanawe dawa, wala asimwondoe hospitalini, kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo imani.

Chiara alifariki tarehe 7 Oktoba 1990, akazikwa katika gauni jeupe la bibi arusi, kama alivyotaka. Konea za macho yake wakapewa vijana wawili. Tarehe 25 Septemba 2010 alitangazwa Mwenyeheri.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wamo vijana wenye saratani waliofichwa ndani kwa aibu au kwa hofu ya maneno ya watu. Tuwatafute. Mmoja ahitaji nauli ya kwenda kliniki, mwingine ahitaji wenzake wa kwaya waje kuimba naye. Mama aliyekesha siku nyingi ahitaji mtu wa kumpokea zamu. Tuwaite mapadre mapema kwa ajili ya Ekaristi Takatifu na Mpako wa Wagonjwa, tusingoje saa ya mwisho. Na maumivu ya mfupa yasiyokoma kwa kijana tusiyaite uchovu wa michezo, tumpeleke hospitali.