Sista Martha Wansing wa Pugu

Mtu atokaye Kisarawe kwenda Dar es Salaam hupita katika vilima vya Pugu. Wengi wetu twaijua Pugu kwa ajili ya shule yake, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha. Lakini wachache wanajua ya kuwa katika vilima hivyo ilimwagika damu ya mwanamke aliyekuja kuwahudumia wanyonge. Jina lake ni Martha Wansing, mtawa wa Kanisa la Kirumi, Mdachi kwa asili. Hakuwa wa kanisa letu, walakini habari zake zatuhusu, kama mtakavyoona.

Mwaka 1884 padre Mswisi, Andreas Amrhein, alianzisha huko Bavaria chama cha wamisionari wafuatao kanuni ya Benedikto. Aliwapokea na wanawake, jambo lililokuwa geni, maana watawa wa kike wa kanuni hiyo kwa desturi walikaa ndani ya kuta za nyumba zao, wakisali. Mwezi wa Novemba 1887 wa kwanza wakasafiri: padre mmoja, Bonifaz Fleschutz, na mabruda 9, na masista 4. Mwaka 1888 wakajenga Pugu, katika nchi ya Wazaramo. Huko Martha na wenzake waliwalea watoto waliotolewa utumwani, wakawauguza wagonjwa. Kazi hiyo haina sifa kubwa mbele ya watu. Ni kuosha vidonda, kupika, kushona, na kukesha karibu na mtoto mwenye homa.

Lakini walifika wakati mbaya. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wadachi ilianza kuitawala pwani, ikatweka bendera yake, ikashika ushuru. Watu wa pwani wakaondoka kupigana, na aliyesikika kuliko wote alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani. Tusidhani kwamba wote walipigania biashara ya watumwa. Wako waliofanya hivyo. Lakini wengine walichukizwa na kiburi cha watumishi wa Kampuni, na chuki yao ilikuwa na sababu. Machoni pao yule sista na yule mtu wa Kampuni walikuwa taifa moja na lugha moja. Wangewatofautishaje? Mimi sioni faida ya kulificha jambo hili. Rehema ya Martha ilikuwa ya kweli, lakini ilifika chini ya kivuli cha bendera asiyoitweka yeye.

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Januari 1889, Pugu ilishambuliwa. Martha akauawa, pamoja na Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerg. Nyumba zikaharibiwa. Sista Benedicta Sievers na mabruda kadhaa wakachukuliwa mateka, wakakaa hivyo mpaka walipokombolewa kwa malipo. Hivyo yeye aliyekuja kuwalea waliokombolewa, naye alipata kujua kukombolewa ni nini.

Katika mwezi huohuo misheni yetu ya Dar es Salaam, aliyoianza mzee Greiner mwaka 1887, nayo ilipigwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Lakini serikali ya Wadachi, iliyojisifu kupigana na utumwa, haikuufuta. Ulikatazwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Masista hawakuiacha nchi. Wa shirika lilelile walirudi, wakaenda hata kusini, Peramiho na Ndanda, na wazee wa huko wanamkumbuka Sista Thekla Stinnesbeck, aliyekuwa daktari.

Na sisi je? Mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya damu ile kumwagika, Greiner alipanda vilima hivyohivyo akafungua Kisarawe, ili watu waliotolewa utumwani wapate mahali pa kukaa. Baadhi ya washarika wetu wa kwanza walikuwa watu wa namna ileile aliyokuwa akiilea Martha, upande wa pili wa kilima.