Duke: tujifunze alivyotoa, si alivyochuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze habari za marehemu James Buchanan Duke wa Marekani. Wapo watakaouliza mwalimu wa Mamboya, wilayani Kilosa, ana shida gani na Mmarekani aliyefariki mwaka 1925. Shida yangu ni kwamba sigara za kiwandani, ambazo wanafunzi wangu hutumwa na wakubwa wao kununua dukani, zilifunguliwa njia na bwana huyu. Nilipowasimulia habari zake, mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza kama mtu anayejenga hospitali kwa fedha za sigara ni mtu mwema. Siku ile sikuwa na jibu.

Duke alizaliwa tarehe 23 Desemba 1856 karibu na Durham, katika jimbo la North Carolina. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Baba yake, Washington Duke, alirudi kutoka vitani mwaka 1865 akiwa hana kitu. Yeye na watoto wake wakawa wanapiga na kuchekecha tumbaku kavu bandani, kisha wanaitembeza kwa gari la kukokotwa na wanyama. Tumbaku yao hiyo waliipa jina la Kilatini, Pro Bono Publico, maana yake kwa manufaa ya umma.

Siku hizo sigara zilisokotwa kwa mkono, na msokotaji hodari alimaliza kama 3,000 kwa siku. Mwaka 1884 Duke alianza kutumia mashine iliyobuniwa na kijana James Bonsack, ambayo kwa siku ilitoa zaidi ya 100,000. Sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji, naye akamwaga fedha katika matangazo na picha za ndani ya pakiti hadi wavutaji nao wakaongezeka. Mwaka 1890 aliunganisha makampuni matano makubwa kuwa American Tobacco Company. Kampuni hiyo ikawa na nguvu kubwa juu ya bei, hata mwaka 1904 wakulima wa Kentucky na Tennessee wakaunda chama cha kugoma kuiuzia tumbaku yao. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru ivunjwe.

Lakini tangu mwaka 1902 Duke na Waingereza walikwisha kuanzisha British-American Tobacco, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga kiwanda cha sigara Jinja, Uganda, mwaka 1928. Hivyo ndivyo moshi wa Durham ulivyofika Afrika Mashariki.

Ndugu Mhariri, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tarehe 11 Desemba 1924 Duke alitoa dola milioni 40 kwa hati maalumu. Hakuzigawa mkutanoni apigiwe makofi. Aliziweka chini ya wadhamini, mtaji usiliwe, ila mapato yake yasaidie hospitali, yatima, makanisa ya vijijini, wahubiri wazee na vyuo vinne. Kimoja kilikuwa chuo cha watu weusi, Johnson C. Smith. Kingine ndicho kilichopewa jina la ukoo wake, Chuo Kikuu cha Duke. Yeye alifariki tarehe 10 Oktoba 1925, na mfuko ule unatoa misaada hadi leo.

Hata hivyo, chuo hicho chenye jina lake hakikufungua mlango kwa wanafunzi weusi mpaka kilipoamua hivyo mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata Uhuru. Wanaotibiwa mapafu katika hospitali ya chuo hicho, iliyofunguliwa mwaka 1930, wamo walioumizwa na kitu kilekile kilicholeta utajiri wake. Wataalamu walionyesha wazi uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu mwaka 1950, miaka 25 baada ya kifo chake. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Yeye hayo hakuyajua. Sisi tunayajua.

Sasa namjibu mwanafunzi wangu. Duke alitoa vizuri na akachuma vibaya, na moja halifuti jingine. Kwa upande wa kutoa, vijiji vyetu vina la kujifunza: michango yetu ya madawati na zahanati huisha kwa sababu tunakula mtaji, na hakuna hati wala wadhamini wa kuulizwa. Kwa upande wa kuchuma, tusikubali zawadi ya mtu yeyote itufunge mdomo. Akitujengea darasa, tumshukuru, kisha tuendelee kuwafundisha watoto ndani ya darasa hilohilo kwamba bidhaa yake inaua.

Na wazazi wenzangu, sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Tusimtume mtoto dukani kununua kitu ambacho mwenye duka haruhusiwi kumpa. Anayetaka sigara aende mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mamboya, Kilosa.