Simon Kimbangu na Mama Mwilu: ndoa iliyopita ndani ya miaka 30 ya gereza

Tangu 2023, kila tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko Congo nzima juu ya Simon Kimbangu. Wengi huku Mubi wanajua kama alikuwa nabii na kama Wabelgiji walimufunga. Habari ya bibi yake, Marie Mwilu, haizungumzwi sana. Lakini bila huyo mama, sijui kama leo tungekuwa na kitu cha kukumbuka.

Kimbangu alitoka Nkamba, Kongo-Central, na Kanisa lake linasema alizaliwa 1887. Yeye na Mwilu walibatizwa na wamisionari Wabatisti wa Uingereza mwaka 1915. Walizaa watoto watatu wanaume: Kisolokele 1914, Dialungana 1916, Diangienda 1918.

Huyu mutu tunayemuita shujaa alianza kwa kukimbia. Mwaka 1918, wakati homa kali ya mafua ilikuwa inaua watu kila fasi, alisikia wito wa kuchunga watu wa Mungu. Aliogopa. Alijiona hakusoma vya kutosha, kuko wengine wanaofaa kuliko yeye. Mwishowe akaenda Kinshasa kutafuta kazi, akisema pengine huko ile sauti haitamufuata. Maisha ya Kinshasa hayakumuendea muzuri, na wito haukunyamaza. Akarudi nyumbani, kwa bibi na watoto.

Tarehe 6 Aprili 1921 aliombea mama mumoja mugonjwa, Nkiantondo, na habari ikaenea kwamba amepona. Watu wakaanza kumiminika Nkamba, wengine wakaacha kazi za wazungu. Aliwaomba waache mambo ya uganga, na pia waache kuoa wanawake wengi: bwana mumoja, bibi mumoja. Yeye na Mwilu walikuwa wanaishi hivyo tayari.

Mwezi wa sita serikali ikajaribu kumukamata, akaponyoka. Ni hapa habari inageuka. Yule aliyekimbia wito 1918 alirudi mwenyewe Nkamba mwezi wa tisa 1921, akijua wanamungoja, akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba, tribinali ya kijeshi ya Thysville, njo Mbanza-Ngungu ya leo, ilimukatia fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert I akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamupeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao.

Mwilu akabaki chini ya ulinzi wa serikali. Mtoto wa mwisho alikuwa na miaka mitatu tu. Angeweza kunyamaza na kulea watoto wake, na hakuna mutu angemulaumu. Lakini watu walikuwa wanamufikia kwa siri, naye akawashikilia katika maombi na mafundisho ya bwana yake. Kanisa lilikuwa limekatazwa. Likaishi mikononi mwake.

Wafuasi wengi walihamishwa kwa nguvu pamoja na jamaa zao, kutupwa mbali na kwao. Fasi moja ilikuwa Lowa, kule ambako mto wetu Lowa, ukisha kutoka Masisi na kupita Walikale, unaingia ndani ya Lualaba. Serikali ilizani watu wakitawanywa, imani itakufa. Kumbe ilikuwa inaibeba yenyewe na kuipeleka katika majimbo ambako haikujulikana.

Huku kwetu, mama ambaye bwana yake aliingia machimboni Bisie miezi sita bila habari anajua kidogo uzito wa kungoja. Mwilu alingoja miaka 30. Kimbangu hakurudi tena Nkamba akiwa hai: alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951.

Hata hapo mama hakuacha. Watoto wao walikuwa wamekuwa watu wazima, na Diangienda ndiye aliyesimama mbele ya kazi ya kudai uhuru wa kusali. Mwilu alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Miezi minane nyuma, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya Wabelgiji ilikubali Kanisa la Kimbangu kuwa halali. Mwaka uliofuata mifupa ya Kimbangu ilitolewa Lubumbashi na kurudishwa Nkamba, kule alimuacha bibi yake 1921.