Jules Cornet, muzungu aliyesoma mawe ya Katanga

Kila familia ya mine inajua Likasi na Kambove. Lakini nani aliandika wa kwanza, kwa elimu ya jiolojia, habari za mawe ya kule? Jina lake ni Jules Cornet.

Alizaliwa mwaka 1865 kule Saint-Vaast, Ubelgiji, mu inchi ya makaa ya mawe. Baba yake, François-Léopold Cornet, alikuwa injenia na mujuzi wa mawe. Mutoto akafuata njia ya baba, akasoma kule Gand.

Mwaka 1891, akiwa na miaka 26 tu, alitumwa Katanga pamoja na Kapiteni Lucien Bia na Émile Francqui. Walifika Bunkeya mwezi wa kwanza 1892. Msiri alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia, na njaa ilikuwa kali. Waaskari na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Bia naye akafa mwezi wa nane. Francqui akashika uongozi.

Cornet aliendelea na kazi. Hakukuwa na mashini ya kutoboa udongo. Alitazama milima isiyoota miti, majani tu, sababu shaba mingi inazuia miti. Tena alichunguza mashimo ya zamani. Kumbe watu wa inchi walikuwa wakichimba malakite toka siku nyingi, wakiiyeyusha kwa makala ya miti na kutengeneza misalaba ya shaba. Basi tusiseme Cornet alivumbua shaba. Wenyewe walikuwa wanaijua, na mashimo yao ndiyo yalimuonyesha njia.

Yeye alileta kitu kingine. Alionyesha kama shaba hii inakaa mu tabaka za mawe yaliyotokana na matope na muchanga wa zamani sana. Mutu akijua tabaka, anaweza kuifuata toka mulima huu mpaka ule. Na malakite tunayoiona juu ni kama ngozi tu: inatokea pale maji ya mvua yanapoingia mu mawe yenye shaba na sulfuri.

Mwaka 1894 alitoa kitabu juu ya madini ya Katanga. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Cornet mwenyewe alikuwa mwalimu. Toka 1897 alifundisha jiolojia mu shule ya mine ya Mons, mpaka kufa kwake mwaka 1929.

Elimu haikuishia kwake. Ile jiwe gumu yenye matundu, wachimbaji wa Kolwezi wanaita RSC, wajiolojia waliokuja nyuma walitambua kama ilijengwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, mu maji ya bahari ya kale.

Mu mine ya Étoile, karibu na Lubumbashi, kulipatikana jiwe la rangi ya buluu lenye shaba na fosfati. Waliliita kornetite, kwa heshima yake. Lakini wazee walioyeyusha malakite mbele yake, nani anajua majina yao? Bado mashimo yao yalikuwa kitabu cha kwanza Cornet alichosoma hapa kwetu. Wazazi, watoto wakiuliza sababu gani jiwe hili ni kijani, tusiwafukuze. Hapo ndipo masomo haya yanaanza.