Earl Anthony: Mashoto mpole aliyewapiku wenye misuli

Ukikutana naye barabarani ungedhani ni mwalimu wa hesabu. Miwani, nywele zimekatwa fupi kama za askari, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Lakini mpe Earl Anthony tufe la kilo saba na pini kumi mwisho wa njia ya mbao yenye urefu wa mita 18, kisha ukae kando uone.

Anthony alizaliwa Aprili 27, 1938 katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, na maisha yake mengi ya ujana yalikuwa mjini Tacoma. Bolingi haikuwa ndoto yake. Alitaka kuwa mrushaji wa mpira wa besiboli, na alipotoka jeshi la wanahewa alijaribu bahati katika klabu ya Baltimore Orioles. Jeraha likamkatiza. Akaajiriwa kwenye ghala la vyakula, na hapo ndipo wenzake wa kazini walipomvuta kwenye ligi yao ya bolingi. Alikuwa na miaka 21 tayari! Wengi waliokuja kushindana naye walianza wakiwa watoto.

Mwaka wa 1963 akajitosa kwenye mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoundwa 1958. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Basi akarejea ghalani, akawa anafanya kazi na kujifua, kujifua na kufanya kazi, kwa miaka mingi. Taji lake la kwanza alilipata Seattle mwaka wa 1970, akiwa na umri wa miaka 32.

Sasa, ili uelewe kwa nini jamaa huyu alikuwa kivutio, lazima ujue wenzake walivyokuwa wakirusha. Katika miaka ya 1950 bingwa alikuwa Don Carter, aliyekunja kiwiko na kulisukuma tufe badala ya kunyoosha mkono. Walimu wa mchezo hawakupenda, ila pini zilianguka. Anthony alikuja na jambo jingine kabisa: hatua tano za taratibu, kichwa kimetulia, mkono wa kushoto unapita palepale kila mara. Hakuna kujipinda wala kurukaruka. Tufe lilikata kona ndogo tu na kuingia kwenye upenyo uliotakiwa. Watu wakambandika jina la mashine, na wengine walisema wazi kwamba anachosha kumtazama.

Mwaka wa 1975 alishinda mataji saba na kuvuna dola 107,585. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa bolingi kupita dola 100,000 kwa msimu mmoja. Alitajwa mchezaji bora wa mwaka 1974, 1975 na 1976.

Hapo maneno yakaanza. Njia ya bolingi hupakwa mafuta, na mafuta hayo huondoka kadiri matufe yanavyopita juu yake. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hivyo upande wao huchakaa haraka, ilhali upande wa mashoto hubaki karibu vile ulivyokuwa asubuhi. Wenzake wakalalamika ati anabebwa na mafuta. Kwa kweli hoja hiyo ina uzito, siwezi kuitupa. Ila mashoto walikuwa wengi tu katika ziara hiyo, akiwemo Johnny Petraglia, Dave Davis na Mike McGrath. Walipita njia ile ile, upande ule ule, na hakuna aliyefikisha idadi yake ya mataji.

Tishio la kweli lilitoka Brooklyn, New York. Mark Roth alikimbia hadi mstari kwa hatua fupifupi za haraka, akalizungusha tufe kwa kifundo cha mkono hadi kidole gumba kikawa na sugu na vidonda. Tufe lilikwenda pembeni kabisa kisha likageuka kwa ghafla na kupasua pini zote. Vijana wakampenda papo hapo. Mwaka wa 1978 Roth alishinda mataji manane, akavunja rekodi ya Anthony ya mataji saba kwa msimu, na akawa mchezaji bora kwa miaka mitatu mfululizo, 1977 hadi 1979.

Mwaka huohuo wa 1978, mwezi wa Juni, Anthony alipatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 40. Mtindo wake ulionekana umepitwa na wakati, mwili nao umegoma. Wewe ungerudi?

Alirudi, na hakubadilika kuwa Roth. Alishinda ubingwa wa kitaifa wa PBA mwaka wa 1981, 1982 na 1983, na miaka yote hiyo mitatu akatajwa tena mchezaji bora. Mwaka wa 1982, mjini Toledo, Ohio, akawa mchezaji wa kwanza wa bolingi kufikisha dola milioni moja katika maisha yake ya uchezaji. Nadhani vifaa pia vilimsaidia. Wakati huo yalikuwa yameingia matufe ya urethani, yanayoshika njia vizuri zaidi, hivyo hata mrushaji mpole aliweza kupata kona bila kujivunja kifundo. Lakini matufe hayo yaliuzwa kwa kila mtu.

Kitu kimoja kilimkwepa hadi mwisho, nacho ni U.S. Open. Alikaribia, akakosa. Ugonjwa wa baridi yabisi ulimfanya aache mashindano kabisa mwaka wa 1991, akiwa na mataji ambayo leo PBA inayahesabu kuwa 43, kumi kati yake yakiwa makubwa.

Alifariki Agosti 14, 2001, baada ya kuanguka ngazini nyumbani kwa rafiki yake huko New Berlin, Wisconsin. Alikuwa na miaka 63. Rekodi yake ya mataji kumi makubwa ilidumu hadi 2019, ilipovunjwa na Jason Belmonte wa Australia, ambaye hurusha tufe kwa mikono miwili.