Moïse Tshombe na Conakat: mali ya chini ya udongo ni ya nani?

Wababa na wamama wa kambi za mine, jina la Moïse Kapenda Tshombe mumelisikia tangu utoto. Kwa wengine ni baba wa Katanga. Kwa wengine ni mutu aliyetaka kukata inchi vipande. Leo tunaeleza maisha yake vile yalivyokuwa, juu vijana wengi wanataja jina lake bila kujua wazee wao walilipa nini.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka wa 1919 kule Musumba, mu inchi ya Walunda. Alikuwa wa ukoo wa Mwaant Yav, mufalme wa Walunda, na bibi yake Ruth alikuwa binti ya mufalme. Baba yake alikuwa mufanyabiashara mukubwa, wakati ule ambapo mutu mweusi mwenye mali alikuwa wa kuhesabia kwa vidole. Wamisionere Wametodiste wa Marekani walimusomesha, kisha akajifunza hesabu za biashara. Mu 1951 baba akafa, mutoto akarizi maduka. Lakini biashara haikumutii: ilianguka zaidi ya mara moja, deni zikamufunika. Njia iliyomufungukia ni siasa.

Ili kufahamu chama chake, tuangalie kwanza mine. Union Minière ilihitaji mikono, na mikono ya Katanga peke yake haikutosha. Kwa hiyo kampani ilileta watu kutoka mbali, zaidi sana Kasai, ikawapa nyumba na posho, wakazaa watoto mu kambi. Wengi walisoma, wakakuwa makarani. Mu 1957, wakati wa uchaguzi wa kwanza wa komini mu Elisabethville, wakubwa wa komini za Waafrika walioshinda hawakukuwa wazaliwa wa Katanga. Wenye inchi waliumia roho: mukuba ni wetu, na kiti pia kimeenda!

Kwa kidonda kile ndiko Conakat ilizaliwa, mu mwezi wa 10 wa 1958. Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri, aliiongoza kwanza. Mu 1959 Tshombe akakuwa prezida. Chama kiliomba jimbo lenye kujitawala na falanga za Katanga zibakie Katanga. Wazungu wenye kuikaa mu jimbo walikiunga mukono, juu nao walikuwa na mali ya kulinda. Waluba wa Katanga, pamoja na Jason Sendwe, walitoka mu muungano ule, wakafuata chama chao, Balubakat. Mu uchaguzi wa mwezi wa 5 wa 1960, Conakat ilipata viti 25 kwa 60 mu baraza la jimbo, na Balubakat na wenzake 23. Tuchunge hesabu hii: hata mu Katanga yenyewe, nusu ya watu haikukuwa nyuma ya Tshombe.

Tarehe 11 mwezi wa 7 wa 1960, siku kumi na moja tu nyuma ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi yake yenyewe. Bendera iliwekwa misalaba mitatu ya rangi ya mukuba. Union Minière ililipa kodi kwake, Wabelgiji wakamupa maofisa, na mine zikaendelea kufanya kazi. Lakini hakuna hata inchi moja iliyotambua Katanga ile.

Bei yake ilikuwa kali. Mu kaskazini, wajandarme na vijana wa Balubakat walipigana, vijiji vikachomwa. Tarehe 17 mwezi wa 1 wa 1961, Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa Elisabethville na wakauawa usiku ule ule. Serikali ya Tshombe ilitangaza kwamba wanakijiji ndio waliwaua, haikukuwa kweli. Mu 1961 pia, Waluba wa Kasai elfu nyingi walikimbilia kambi ya ONU mu Elisabethville, kisha wakarudishwa kwa treni ku inchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wale walikuwa majirani: walishuka pamoja mu shimo moja na wale waliowafukuza.

Nyuma ya vita mbalimbali na ONU, Tshombe alikubali kuacha kule Kolwezi, mu mwezi wa 1 wa 1963. Akaenda Ulaya. Halafu maajabu: mu mwezi wa 7 wa 1964, mutu aliyetaka kutoka mu Kongo aliitwa kuiongoza kama waziri wa kwanza, ili apige uasi wa Simba. Mu 1965 Kasa-Vubu alimuondoa, Mobutu akakamata mamlaka, Tshombe akakimbilia Hispania. Mu 1967 mahakama ya Kinshasa ilimuhukumu kifo, na tarehe 30 mwezi wa 6 ndege yake ikatekwa, ikashushwa Algeria. Alifia kule kizuizini tarehe 29 mwezi wa 6 wa 1969, na umri wa miaka 49. Walisema ni moyo. Alizikwa Ubelgiji, mbali na Musumba.

Ulizo la Conakat halikufa pamoja naye. Code Minier ya 2018 inasema kwamba kwa redevance ya mine, jimbo linapata 25 kwa mia na komini ao sekta 15 kwa mia. Ile ndiyo haki ambayo wenye kuikaa kandokando ya mine wanaweza kuuliza leo, bila bunduki: falanga zile zimejenga masomo gani, zimeleta maji wapi?

Lakini ulizo lile lina ndugu yake mubaya: nani ni mwenye inchi, nani ni mugeni? Mu 1992 na 1993 tuliona tena familia za Kasai zikilala ku magare za Likasi na Kolwezi, zikingoja treni. Sisi tunafikiri Tshombe aliuliza neno la kweli juu ya mali, na akalijibu kwa kumukosea jirani. Mali ya udongo, tuidai. Jirani wa kambi, tumuache mu nyumba yake.